Siku tulipakaa muti cire nyekundu juu ya poésie ya Ma Sœur

Wakuu, jambo yenu bote. Miye ni mama muzee wa Kamalondo, vidole vyangu vinaandika polepole, basi musinikimbize.

Hii yenye nitawaelezea si bongo, si uongo. Mwenye hataamini anipite tu, sitakasirika. Au nitakasirika kiloko.

Ilikuwa wakati wa Babeleji, muji wetu ungali unaitwa Élisabethville. Nilikuwa kalasi ya tano ku masomo ya bamasœur ba Katolika.

Baba yangu alikuwa anatumika ku reli. Siku moya akanikamata sikio, hapana kwa kuniumiza, juu nisikie muzuri. Akasema: "Weye mutoto, inspecteur wa masomo anakuya kuuliza kila mutu. Ukianguka, unapanda kamyo, unaenda Pweto kwa shangazi yako, mutakausha naye samaki."

Samaki miye nakula. Lakini shangazi! Ule mama alikuwa anaamka na kelele, analala na kelele. Nikaanza kulia hata mbele ya kuanguka.

Mwalimu wetu alikuwa Ma Sœur Godelieve, mupya kabisa, hata jua lilikuwa halijamuzoea. Alikuwa anatufundisha maneno ya pori na maneno ya poésie, ya mashairi, pamoja, ku tableau moya ya chaki.

Upande huu: sève, ni maji ya ndani ya muti. Automne, ni wakati kule Ubelgiji majani inazeeka, inakuwa nyekundu, inaanguka. Upande ule: vers, ni mustari moya. Strophe, ni mistari inakaa pamoja sawa jamaa.

Miye nilikuwa nachanganya yote. Kuna siku niliota banatutuma ku pori tukakate strophe na shoka.

Sasa, mu kiwanja ya masomo kulikuwa muti, jina yake muputu. Bantu ba huku banajua: mvula ikikaribia, muputu inavaa majani nyekundu nyekundu. Ile majani ni mitoto, njo kwanza inazaliwa. Kiisha inageuka kijani.

Ma Sœur akaiona. Eh! Akapiga makofi, machozi karibu itoke. "L'automne! Batoto, hata huku automne iko!"

Maskini, alikuwa na hamu ya kwabo.

Tukaangaliana. Kwetu mutoto hawezi kumuambia mukubwa "unakosa", tena mukubwa mwenye anafurahi vile. Anto, rafiki yangu wa banc moya, akanifinya. Siye bote tukajibu: "Oui, ma Sœur."

Basi akapanga: inspecteur akifika, tutatoka inje, kila mutoto atasimama chini ya muputu, atasema strophe yake juu ya automne, anaonyesha majani na mukono.

Muzuri sana. Lakini inspecteur akachelewa, na majani haikumungojea. Asubui ya inspecteur tunafika, muti iko kijani, inang'aa, iko na afya kutupita siye.

Ma Sœur angali ku misa. Nikamuona Anto anatoka mu kalasi na kibati ya cire nyekundu, ile mafuta ya kung'arisha saruji, tulikuwa tunaipakaa kila siku ya posho, ni kusema Samedi. Miye nikakamata kitambaa.

Tukapakaa majani ya matawi ya chini, moya moya, kalasi muzima. Muti ikanuka sawa salon siku ya bageni. Ma Sœur alipotoka ku misa akaiona kwa mbali tu, akatabasamu.

Inspecteur akafika: muzungu munene, nguo nyeupe pepepe, mutu wa kukaa Katanga tangu zamani, Kiswahili yake sawa ya kwetu. Joto ilikuwa kali. Akashikilia tawi apumzike kiloko. Kiisha akapangusa jasho ku uso na ule mukono.

Mawee! Pua nyekundu. Mashavu nyekundu.

Na tena ni ile heshima yetu: nani atamuambia? Hata Ma Sœur alikuwa anaangalia viatu yake.

"Weye, anza," akasema. Kidole ikaanguka kwangu.

Shangazi akaingia mu kichwa yangu na kelele zake zote. Nikafunga mikono ku mugongo, nikasahau kuonyesha majani, nikamuangalia inspecteur mu macho vile tulifundishwa, nikasema strophe yangu, ile ya kuambia jani, kwa Kifaransa, na sauti ya kanisa. Maana yake ilikuwa hivi: "Weye muzee mwekundu, siku zako zimeisha, upepo unakuya, sasa hivi unaanguka."

Kalasi ikapasuka. Anto alicheka mpaka akashikilia banc ya bengine. Ma Sœur akajifunika na voile yake ya kichwa.

Inspecteur akaangalia mukono wake. Akaangalia jani. Akainusa.

"Hii ni cire ya saruji."

Nikasema mu roho: basi, Pweto hiyo.

"Mutoto, juu ya nini mulipakaa muti cire?"

Nikalia wazi wazi. "Monsieur, muti ilimaliza automne yake, na siye tulikuwa hatuyamaliza poésie. Na Ma Sœur alikuwa na furaha."

Ma Sœur akainua macho. Akaona majani ya juu, kijani tupu. Uso yake ikawaka kupita cire. Kiisha njo yeye alianza kucheka, na kwikwi, anashikilia tumbo. Inspecteur akamufuata mpaka akakaa chini ku mizizi, puu.

Akapangusa macho, akazidisha wekundu mpaka ku nguo nyeupe, akaniuliza: "Sasa bila poésie. Ile majani ikiwa nyekundu, ni nini?"

"Ni mitoto, Monsieur. Inazaliwa."

"Anapita," akamuambia Ma Sœur.

Wakuu, nilikimbia mpaka ku nyumba, kiatu moya ikabaki ku njia. Baba akauliza nilijibu nini. Nikamuambia: nilisema majani ya muputu ikiwa nyekundu inazaliwa.

Baba akamuangalia mama. Akasema: "Hiyo tu? Njo hiyo inspecteur alitoka mbali kuuliza?"

Fundisho langu: neno la masomo, ulikariri sawa, lakini toka inje uangalie kama na pale linasema kweli. Na mugeni akikosa, mumuambie polepole mapema. Cire haitoki ku nguo nyeupe.

Nanyi? Ni neno gani mulikariri ku masomo, na kintu chake hamuyakiona hata leo? Wekeni hapa chini, niko nasoma yote. Lunettes zangu za macho niko nazo.