Mwenyeji wa Sayari

Kiti cha kapteni kilikuwa kiti cha kinyozi. Kilizunguka, na ndiyo maana kilichaguliwa. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, tulifunika kioo kwa shuka la buluu, tukaficha mashine za kunyolea nyuma ya pazia, na kibanda cha kinyozi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kikawa chumba cha kuongozea chombo cha angani. Mteja wa kwanza akitokea, chombo kilisimama. Alinyolewa, akaenda zake, nasi tukaendelea na safari.

Huo ulikuwa mwaka 2012. Nilikuwa nimetoka Lodwar kwa mama baada ya kumaliza darasa la nane na kukosa kuendelea na masomo, nikaja Kakuma kukaa na shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa akiuza makaa kwa watu wa kambini. Nilimsaidia kubeba magunia, na kila baada ya siku mbili tatu nilipeleka simu yake kuchajiwa kwenye kibanda cha video.

Aliyesimamia kibanda hicho alikuwa kijana wa Sudan Kusini aliyenizidi miaka kama minne. Mpira na filamu za kupigana ndivyo vilivyomletea watu, lakini yeye mwenyewe alipenda kitu kingine: vipindi vya zamani vya televisheni kuhusu watu wanaosafiri kwenye chombo kutoka nyota moja hadi nyingine. Diski zake alizikuta sokoni zimefungwa kwa kamba ya mpira. Alizionyesha mchana, saa ambazo watu huingia kutafuta kivuli tu, na polepole watu wakazizoea. Hata wasiojua Kiingereza walifuata, kwa sababu waigizaji wa zamani walionyesha kila kitu usoni.

Diski zilipokwisha, wateja wakaanza kuuliza kipindi kipya kiko wapi. Akawaeleza kwamba hakuna kipya, kwamba vipindi hivyo vilitengenezwa kabla baba zao hawajaoa. Mtu mmoja akamwambia, basi tengeneza. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mimi aliniingiza kwa sababu ya daftari. Siku hiyo alikuwa na wateja wengi, akaniomba nimwandikie majina ya wenye simu. Niliandika kama ninavyoandika siku zote, herufi moja moja, na foleni ikawa ndefu. Watu walilalamika, lakini jioni aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza ameweza kusoma daftari lake mwenyewe. Akaniuliza kama ningeweza kuandika maneno ya kipindi. Kuanzia hapo alikuwa akitembea huku na huku akisema maneno ya kapteni, na kila alipomaliza sentensi alinyamaza mpaka kalamu yangu ikanyamaza pia.

Alifanya hivyo hata tulipokuwa tukizungumza tu. Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa swali, wengine hulijibu kabla sijafungua mdomo. Nyumbani ilikuwa hivyo, na shuleni pia. Yeye aliuliza, kisha akangoja. Wakati mwingine alingoja mpaka nikaona aibu, nikajibu.

Kamera ilikuwa ya kinyozi, Mkongo aliyekuwa akipiga picha za harusi siku za Jumamosi. Yeye ndiye aliyepiga picha zetu, na pia alikuwa mlango. Chombo chetu kilikuwa na mlango wa katoni uliovutwa na watu wawili, na sauti ya kufunguka kwake ilitoka mdomoni mwa kinyozi: fyuu. Chombo kilipogongwa na mawe ya angani, kinyozi aliinamisha kamera nasi sote tulitakiwa kuangukia upande mmoja. Daima kulikuwa na mmoja aliyeangukia upande wa pili. Simu zilizokufa zilikuwa redio zetu, na vifuniko vya chupa vilikuwa vitufe. Tulitengeneza vipindi viwili namna hiyo, yule kijana wa kibanda cha video akiwa kapteni. Mimi nilishika karatasi ya maneno na kuvuta mlango. Mbele ya kamera sikuonekana hata mara moja.

Kipindi cha tatu kilihitaji sayari, na sayari ilihitaji mwenyeji. Kapteni na watu wake wangeshuka, mwenyeji angetoka kwenye mawe na kuwaambia waondoke la sivyo atawaangamiza. Ilibidi aseme kwa lugha ambayo hakuna mtu chomboni anayeifahamu. Tulikaa kwenye kibanda cha kinyozi tukitafuta lugha hiyo. Kisomali alikijua yule aliyeigiza mwendesha mitambo wetu. Kifaransa alikijua kinyozi, na Kiarabu cha Juba walikijua karibu wote. Mwishowe wakanitazama mimi, Mturkana pekee kati yao.

Nilipomwambia shangazi kwamba lugha ya sayari ngeni itakuwa Kiturkana, aliweka chini gunia alilokuwa akilishona.

"Sisi ndio wageni?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba sisi ndio wenyeji, wao ndio wanaokuja na chombo.

"Hapo sawa," akasema, akarudi kwenye kushona.

Sikukubali mara moja. Nilikubali nilipojua kwamba ningeweza kuigiza nikiwa peke yangu. Kapteni alikuwa amenisikia nikisimulia vilima vya Lodwar, vyenye mawe meusi, hata nyasi hakuna, akasema hiyo ndiyo sayari yenyewe. Lakini yeye na kinyozi hawakuweza kutoka kambini bila kibali, na kibali kilikuwa safari nyingine ndefu kabisa. Mimi nilikuwa naenda kumwona mama hata hivyo. Kwa hiyo ikakatwa shauri kwamba yeye aseme sehemu yake Kakuma, kwenye laga, ule mto mkavu, nami niseme yangu Lodwar, kisha kompyuta ituweke pamoja. Kuhusu maneno, aliniambia niseme chochote kwa Kiturkana, bora niwe na hasira. Yeye angeandika maneno ya Kiswahili chini ya picha.

Kinyozi alinifundisha kitufe cha kubonyeza, akafunga kamera yake ndani ya taulo. Ndipo, bila kunitazama, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Kapiteni iko narudia kwabo. Haukujua, mudogo wangu?"

Sikujua. Kaka yake kapteni alikuwa amefungua duka la mabati na misumari Juba, akamwita aje kabla ya mvua. Kinyozi alidhani kila mtu ameambiwa. Nilichukua taulo na kamera, nikaenda kupanda gari la Lodwar.

Mama alifurahi kuniona, akaniuliza kazi ya kamera ni nini. Nilimwambia ni ya harusi. Siku ya pili nilipanda kilima mapema kabla mawe hayajashika moto. Nilijipaka majivu usoni, nikajifunga kiunoni karatasi za kung'aa za kufungia biskuti, nikapanga mawe matatu na kuweka kamera juu yake. Chini niliona mji, mabati, na miti ya mikoma kando ya mto Turkwel. Nilibonyeza kitufe, nikaenda kusimama mbele.

Nilijaribu kuwa na hasira. Nilisema, ondokeni, mara mbili, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayefukuza mbuzi wa jirani. Nikarudi, nikazima. Nikajaribu tena. Mara ya tatu nilimwaza kapteni akiwa amesimama pale mbele ambapo palikuwa na mawe matupu, naye amekwisha kuuliza swali na sasa anangoja. Nikasema. Nilimsalimu kwanza, ejok, kama mtu anavyomsalimu aliyetoka mbali. Kisha nikamwambia asiende. Nikamwambia nimesikia kwa mtu mwingine na sikupenda kusikia kwa mtu mwingine. Nikamwambia kwamba akienda, hapa hakuna mwingine anayengoja nimalize kusema, na kwamba nitarudi kuwa mtu wa kubeba magunia asiye na neno. Yote niliyasema kwa Kiturkana, polepole, na karatasi za biskuti zilikuwa zikilia kiunoni kwa upepo.

Niliporudi Kakuma aliangalia picha ile mara nyingi. Alisema ni nzuri kuliko alivyotarajia, kwamba hasira yangu ni ya ndani na hiyo ndiyo hasira ya kweli ya kuigiza. Kuhusu Juba hakusema kitu, nami sikuuliza. Akakaa kwenye kompyuta akaandika maneno yake chini ya uso wangu.

Tulikionyesha kipindi mchana mmoja, kibanda kikiwa kimejaa. Shangazi alikuja na wenzake wawili wanaouza makaa. Hawakuwa wamewahi kuingia pale. Waliketi benchi la mbele, wakaongea na kucheka tangu mwanzo, hasa mlango ulipofunguka na kinyozi aliyeketi nyuma yao akarudia fyuu yake. Mimi nilisimama karibu na pazia la mlangoni.

Kisha nikatokea kwenye kioo cha televisheni, nikiwa na majivu. Wale wanawake wakanyamaza. Chini ya picha maandishi yalisema: ONDOKENI KWENYE SAYARI YETU. MKIBAKI MTAKUFA. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akageuka nyuma kuwatazama watu wengine waliokuwa wametulia wakisoma.

"Huyu mtoto anamwomba asiende," alisema kwa Kiswahili.

Kijana mmoja nyuma akamjibu, "Mama, soma hapo chini. Anasema atawaua."

"Mimi sisomi," alisema shangazi. "Mimi nasikia."

Na kwa kuwa aliona hawamwamini, akawaeleza yote, neno kwa neno, pamoja na magunia. Baadhi walicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka nje.

Kapteni alinikuta nyuma ya kibanda, karibu na jenereta. Hakuanza kusema mpaka jenereta ilipozimwa.

"Mbona hukuniambia kwa Kiswahili?"

Nikajibu: "Kwa Kiswahili ungesikia."

Alicheka kidogo, akakaa chini mchangani. Aliniambia ni kweli, anaenda. Aliniambia kila siku alipanga kunieleza, na kila siku tulikuwa na kipindi cha kumaliza, akaona afadhali kimalizike. Mama yake alikuwa tayari Juba na kaka yake. Alikuwa hajamwona tangu akiwa na miaka kumi. Baada ya kunieleza hilo sikuwa na la kumwomba.

Siku iliyofuata alifungua kompyuta, akafuta maneno yake yote ya chini, akaniambia nimtajie ya kweli. Alisema wenye masikio wameshajua, kwa hiyo hawezi kuwadanganya wenye macho peke yao. Tulifanya kazi hiyo siku mbili. Nilipoona haya kutaja neno fulani, aliondoa mikono kwenye kompyuta, akangoja.

Lakini sasa kipindi kiliharibika, kwa kuwa kwenye picha za mwanzo kapteni aliyefukuzwa alikuwa amekimbilia chomboni, na huyu wa sasa alikuwa ameombwa abaki. Ilibidi ajibu. Tulikwenda kwenye laga na kinyozi na kamera. Hakutaka niandike maneno yoyote. Alisimama mchangani na fulana yake ya kapteni, na safari hii nilikuwepo, nimesimama kando ya kamera, mahali ambapo mwenyeji wa sayari angekuwa.

"Tumekusikia," alisema. "Tumeshukuru kwa maji na kwa kivuli. Tutaondoka, lakini hakuna aliyetufukuza, na popote nitakapofika nitasema hivyo. Ungeniambia mapema ningekaa nawe mpaka mvua."

Kinyozi akazima kamera, akatikisa kichwa. Upepo ulikuwa umekamata maneno, tulipaswa kurudia. Kapteni akanitazama mimi.

"Nimesikia yote," nikasema.

Hakurudia. Wiki ileile aliondoka, mwanzoni mwa 2013. Kinyozi nami tulimaliza kipindi wenyewe. Kwenye jibu la kapteni, baada ya sentensi ya kwanza, husikii kitu ila upepo, na mdomo wake unatembea. Kinyozi aliniambia niandike chini lolote linalofaa. Niliandika alichosema, chote, na ilinichukua asubuhi nzima.

Kibanda cha video kilikuwa na msimamizi mwingine tulipokionyesha. Shangazi alikuja tena, akaketi palepale mbele. Kapteni alipoanza kujibu, upepo ukajaa kibandani, na nyuma watu wakawa wanasoma. Shangazi aliinama mbele akitafuta sauti. Hakuipata. Akageuka kunitafuta mlangoni.

"Anasema nini?"

Watu wengine wakageuka pia. Nilikwenda nikasimama kando ya kioo, nikamwambia kwa Kiturkana, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti ya kufika benchi la mbele.