Shimo Lisilokuwepo

Chuoni walimwita Dada Lenzi, kwa kuwa kazi yake katika idara ya fizikia ilikuwa kusafisha lenzi, kuhesabu nyaya na kufungua mlango wa maabara. Wachache walikumbuka kwamba alikuwa na shahada ya pili, na kwamba ya tatu aliiacha njiani mama yake alipopooza upande mmoja.

Masomo aliyaacha, swali hakuliacha. Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu hupimwa kwa njia mbili. Wanaopima kwa nyota zilizolipuka, zile za jirani, hupata kasi kubwa. Wanaopima kwa mwanga wa kale kuliko wote hupata ndogo. Wamerudia na kurudia, na tofauti imekataa katakata kuondoka. Dada Lenzi aliamini anajua sababu: tunaishi ndani ya shimo, eneo pana lenye galaksi chache, ambamo vitu hutawanyika upesi kuliko kwingine. Kwa miaka sita, kila saa ya chakula cha mchana, alijifungia maabarani na kompyuta kuukuu, akikokotoa vipimo vya nyota ambavyo vituo vya darubini huviweka wazi kwa yeyote.

Siku moja mkuu wa idara alimkuta.

"Dada, maswali haya yana wenyewe."

"Wenyewe wameshayajibu?"

Mkuu akacheka, akaenda zake.

Mwaka wa sita hesabu zikamgeuka. Kama shimo lingekuwepo, kasi ingeshuka mtu akifika ukingoni mwake. Haikushuka. Alirudia mara tatu, akilisaka kosa lake kwa hasira, asilione. Jioni akamwambia mama yake huku akimgeuza kitandani.

"Shimo halipo, mama."

"Miaka sita unachimba shimo ambalo halipo?" Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika kwa mkono wake mzima. "Haya, nenda ukawaambie, mwingine asije akapoteza miaka yake."

Akaandika kurasa kumi na moja, akaomba nafasi kwenye mjadala wa idara. Alisimama na koti lake lenye madoa, akalibomoa wazo lake mwenyewe kwa namba, tofali kwa tofali.

Mhadhiri mmoja akauliza, "Kwa hiyo miaka sita imekwenda bure?"

"Njia moja nimeipima, nimeifunga. Wewe umefunga ipi?"



Kesho yake mkuu alimwita ofisini. Kazi ni nzuri, alisema. Jina lake yeye mkuu likitangulia, jarida la kisayansi litaipokea vizuri. "La sivyo, anwani ya idara hutaitumia."

"Basi sitaitumia."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mkuu. Na aliyekokotoa namjua pia."

Aliituma kwenye jarida akitumia anwani ya nyumbani. Wahakiki waliirudisha mara mbili. Akajibu hoja zao moja moja, bila kuomba radhi. Miezi tisa baadaye ikachapishwa, jina moja tu juu yake. Mama alitaka asomewe jina hilo mara nne.

Wiki hiyohiyo akahamishiwa stoo ya viti, ghorofa ya chini, kusiko na kompyuta wala dirisha la maana. Mkuu alipoteremka kuulizia viti vya mkutano, alimkuta akijaza hesabu mpya kwa kalamu mgongoni mwa fomu.

"Bado tu?"

"Tofauti ipo palepale," alisema Dada Lenzi, bila kuinuka. "Na mimi nipo. Viti unataka vingapi?"