Maskini Mwenye Ng'ombe Tisa

Wapo watu wenye bahati ya kuugua malaria. Unapimwa, unapewa vidonge, unatapika kidogo, unapona, basi. Binti yangu wa pili yeye alipata ugonjwa ambao hata muuguzi wa zahanati yetu aliuandika kwenye daftari kwa kunakili herufi moja moja kutoka karatasi ya hospitali ya Dodoma. Wenyewe kwa kifupi wanauita MS. Jina refu sitajaribu, mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga ndama, na ndama wale wote walikufa mwaka huo huo, kwa hiyo nilikosa huku na huku.

Daktari wa huko alinieleza vizuri tu. Waya wa umeme una ganda la plastiki kwa juu, na mishipa ya fahamu nayo ina ganda lake. Sasa mwili wa binti unalitafuna ganda hilo wenyewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema bado hawajui. Nilimheshimu hapo hapo, maana mganga wetu wa bondeni alijua mara moja, na kujua kwake kulikwenda na mbuzi wawili.

Binti alikuwa fundi cherehani, alipanga chumba mjini, Utemini. Ilianza jicho la kulia kuingia ukungu. Halafu mguu ukawa unalala juu ya pedali, anaukanyagisha hauendi. Akitembea anayumba, na majirani, watu wenye huruma sana, wakaeneza kwamba anakunywa kuanzia asubuhi. Akarudi nyumbani kijijini, huku upande wa Sepuka, na cherehani yake akaiacha kwa mwenye nyumba badala ya kodi.

Dawa ilikuwepo. Dripu, mara mbili kwa mwaka. Daktari alisema haiponyi, ila inazuia shambulio lingine, na kila shambulio linaondoka na kitu ambacho pengine hakirudi. Nilikwenda dirisha la dawa kuuliza bei. Nikamwomba kijana arudie. Akarudia, ikawa ile ile.

Basi tukaita kikao cha ukoo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kutoka Unyambwa amevaa koti. Ni mtu wa maneno mazuri, kwenye misiba anasikilizwa. Alizungumza juu ya upendo wa mjomba kwa mpwa mpaka wanawake wakafuta macho, halafu akasema kwa masikitiko kwamba mwaka huu hana kitu kabisa. Hapo ndipo inabidi niwaeleze jambo la kwetu, msije mkadhani nachanganya.

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwenye zizi lake. Anawagawa kwa watu anaowaamini. Wewe uliyepokea unakamua maziwa, unapeleka samadi shambani, na ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Yeye anabaki haonekani ana mali, na wewe unaonekana unayo. Na hutangazi. Mtu akikuuliza ni wa nani, unasema wako, au unakohoa. Kumtaja mwenye ng'ombe mbele za watu ni kumvua nguo. Zizini kwangu walikuwamo ng'ombe tisa. Wote wa shemeji, huyu huyu asiye na kitu.

Kule hospitali watu wa ustawi wa jamii wakatuambia kuna msamaha kwa wasio na uwezo. Unapeleka barua ya mwenyekiti wa kijiji, kisha ofisa wa wilaya anakuja kukagua kama umaskini wako ni wa kweli. Akaja, mama mmoja kijana, mpole, akaniamkia vizuri. Sisi tulifanya wanachofanya watu wenye akili mgeni akija: tukachinja jogoo, tukaazima viti vya msikitini na kitambaa cha meza kwa mchungaji. Shemeji naye alikuja, alisema anakuja kusimamia ukweli.

Ofisa alikula vizuri. Akanawa, akatoka nje, akasimama mbele ya zizi.

"Baba, hawa ng'ombe ni wa nani?"

Nikamtazama shemeji. Shemeji alikuwa anaangalia paa langu kama fundi aliyeitwa kukadiria bati.

"Wangu," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Na niseme kweli, ilikuwa tamu. Nina zaidi ya miaka sitini na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniuliza kama nina ng'ombe tisa nikaweza kuitikia. Nikamwonyesha hata yule jike mwekundu, nikamweleza anatoa maziwa kiasi gani. Nilikuwa nazungumza tu. Yeye alikuwa anaandika.

Majibu yalipokuja yalisema familia ina uwezo, iuze mifugo. Shemeji alinipigia simu kunipa pole, pole ndefu, akanitajia na aya za kitabu. Ushauri wa kuuza mifugo peke yake ndio aliousahau.

Wiki chache baadaye mkono wa kushoto wa binti ukaanza kufa ganzi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, akaniomba niuze ng'ombe mmoja tu. Ikabidi nimweleze ni wa nani, kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo baba, aibu mnaona nyinyi, kupooza napooza mimi."

Akaendelea na mchicha wake kwa mkono mmoja. Mke wangu alikuwa mlangoni, amesikia. Miezi yote hiyo ndiye aliyekuwa ananiambia nisithubutu kumwaibisha kaka yake. Safari hii aliingia ndani, akatoka na shati langu la kwendea mjini, akanitupia.

Kesho yake nilifika ofisini kwa yule ofisa. Nikamwamkia kana kwamba yeye ndiye mkubwa, nimechanganyikiwa hivyo. Nikasema ng'ombe si wangu. Benchi zima la wanaongoja likageuka.

"Sasa baba, uongo ni ule au huu?"

"Ule."

Akasema kwa neno langu tu hawezi, mimi ndiye niliyemwonyesha hata jike. Mwenyewe akiri. Basi nikampigia shemeji pale pale, nikamwomba ofisa anibonyezee sauti isikike, maana kitufe chake sikijui.

"Shemeji, salama? Nipo kwa ofisa. Nimemwambia ng'ombe ni wako. Kama nimekusingizia sema tu, maana kesho ni mnada, nitapeleka wanne nimlipie mtoto dripu."

Nilisikia kuku wa huko Unyambwa, nikasikia mtu anapiga chafya. Nadhani alikuwa anapima kipi kinauma zaidi.

"Ni wangu," akasema.

"Wote?" akauliza ofisa.

"Wote, mama."

Shemeji aliandika na barua, akasaini. Siku ya tatu yake lori lilikuja kuwachukua ng'ombe. Hakushuka kwenye gari, alielekeza kwa kidole dirishani. Kwenye misiba sasa anakaa upande wa pili, na mke wangu anasema hasira zitapita. Mimi namwambia zisiharakishwe.

Msamaha ulikuja, si wote, sehemu kubwa. Iliyobaki nililipa kwa alizeti. Chai tunakunywa kavu, bila maziwa, na shamba linadai samadi ambayo sina. Dodoma tulikwenda wawili, binti akalazwa kwenye kitanda cha chuma, dripu ikaanza kudondoka taratibu. Muuguzi alimwambia itachukua saa nyingi, avumilie. Binti akamjibu kwamba hana pa kwenda.

Ameshapata dripu ya pili sasa. Jicho halijarudi, mguu unavutwa. Mkono unashika sindano, nguo za jirani anashona vifungo, wengine wanamlipa. Shambulio lingine halijaja. Kila mwaka ofisa atakuja kukagua upya, na nimemwambia binti siku hiyo asiniache peke yangu pale nje.