Zeze la Padri wa Ayalandi

Juma lililopita, katika mgahawa mmoja wa Lusahunga, televisheni ilionyesha wanamuziki wa Ayalandi wakipiga muziki wa jadi yao. Dereva wa lori akachukua rimoti ili atafute mpira. Mzee mmoja mwenye asili ya Burundi akainua mkono.

“Ngoja, mwanangu. Yule mwenye kola nyeupe si padri?”

“Ndiye, babu,” alijibu mama mwenye mgahawa. “Tena anapiga zeze!”

Mzee akaiegemeza fimbo yake kifuani, na vidole vikaanza kutembea juu yake.

“Nilipotaka kubatizwa, katekista alisema zeze langu ni la mashetani. Nikalitia motoni mwenyewe.”

“Basi tengeneza jingine,” alisema yule mama. “ Singa za mkia wa ng’ombe za kufanyia nyuzi zimekosekana Lusahunga?”

“Bila kuuliza parokiani kwanza?” alisema mzee, wala hakuwa akitania.

Nimesoma vitabu vingi vinavyofundisha kutubu dhambi. Sijakutana na kimoja kinachofundisha kutubu utii. Dereva, ambaye pengine hajasoma hata kimoja, aliishika rimoti bila kuibonyeza mpaka padri alipoliweka zeze lake chini.