Feni ya mwanangu inapuliza kompyuta, nimemshtaki mume wangu kwa kapteni wake

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninayoandika hapa yana shahidi: Bi Mwanaisha wa chumba cha pili, aliyesikia kila neno kwa sababu kati yetu na yeye kuna plywood tu. Nikitia chumvi atanisuta mwenyewe.

Ijumaa iliyopita, saa nane mchana, natoka jiko la pamoja na sinia la pilau, jasho mpaka kwenye kope. Nafungua mlango wa chumba chetu. Kitanda cha mtoto hakipo chini ya AC.

Kipo nyuma ya mlango, pale tunapoweka viatu.

Chini ya AC imekaa kompyuta. Ubavu mmoja umefunguliwa, tumbo wazi, na ndani inapulizwa na feni. Feni ndogo ya bluu yenye vibandiko vya samaki. Feni ya Nasri, mwanangu wa miezi minane, mwenye vipele vya joto kuanzia shingoni hadi kwapani.

Nikaweka sinia chini taratibu. Nikamuuliza Baba Nasri, "Hii nini?"

Akajibu bila kugeuka, "Processor ilifika digrii themanini, mke wangu. Ingekufa."

"Na mwanao amefika ngapi?"

Akasema, wakuu, na Bi Mwanaisha alisikia: "Mtoto ana jasho la kumpoza. Mashine haitoki jasho."

Nikachomoa waya ukutani.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana najua kuna watu wameshaanza kuandika "dada punguza hasira". Nyie tulieni kwanza.

Tunakaa Satwa, hapa Dubai, kwenye villa chakavu iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. AC ni moja kwa vyumba viwili, sisi na Bi Mwanaisha, ndiyo maana mbao haijafika juu. Kona yenye ubaridi wa maana ni moja tu, na tangu Nasri azaliwe hiyo kona ni yake. Sikuijadili na mtu.

Mume wangu ni karani kwenye ofisi ya mizigo kule bandari ya Hamriya. Mwezi wa tatu ofisi ilibadilisha kompyuta, sir wake akamwambia chukua ile ya zamani ya wachoraji wa ramani, la sivyo inaenda jalalani. Akaileta kwa teksi, ameikumbatia kama bibi harusi. Nilipomleta Nasri kutoka hospitali nilimbeba mwenyewe.

Hiyo kompyuta ni workstation. Msiojua, ni kompyuta ya ofisi ya kazi nzito, ina processor, yaani ubongo, mbili badala ya moja, uzito kama gunia la mchele, na feni zake zikiwaka unadhani ndege inashuka. Na monitor yake ya chogo ikachukua meza yote. Meza ilikuwa yangu ya kupigia pasi.

Nikajua atajifunza Excel apandishwe cheo. Mjinga mimi.

Kwanza akanunua graphics card iliyotumika, akaweka game ya mpira. Ijumaa chumba kinajaa wenzake. Hilo nililivumilia, hata pilau nikawapikia.

Halafu akaja na hili la pili. Kuna wanasayansi huko ng'ambo wana hesabu kubwa kupita kiasi, za kutafuta dawa za magonjwa. Wanazikata vipande vipande, wenyewe wanaviita unit, wanawagawia watu dunia nzima. Kompyuta yako ikiwa haina kazi inapiga kipande chako, ikimaliza inarudisha jibu kwa internet, wewe unapewa pointi. Si hela. Pointi.

Mnaona mtego ulipo? Mchana wa Ijumaa mashine inacheza mpira. Muda mwingine wote inapiga hesabu za watu. Haizimwi. Toka mwezi wa tatu sijawahi kusikia chumba changu kikiwa kimya.

Mwezi wa tatu, sawa. Ilipofika Juni kile chumba kikawa tanuri. Bi Mwanaisha naye hewa ya moto ikawa inamwangukia kwa juu ya mbao. Siku moja akanigongea ukuta:

"Mama Nasri, mwanangu, mwaoka mikate humo?"

"Hapana Bi Mwanaisha, tunatafuta dawa."

"Basi mkiipata ya joto nianzieni mimi."

Mtoto akaanza vipele. Nikampeleka kliniki, daktari akasema kitu kimoja tu: awekwe sehemu ya baridi, apulizwe. Ndiyo nikanunua ile feni. Mnaelewa sasa kwa nini nilichomoa waya?

Turudi Ijumaa. Baba Nasri kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Asilimia tisini na saba! Mama Nasri, ilikuwa asilimia tisini na saba! Siku nne!"

Wataalamu msije hapa kuniambia programu huwa inahifadhi inapofikia. Aliiwasha, ikaanza sifuri. Mimi sikuiumba.

Katikati ya kilio hicho akaingia Wafula. Huyu ni Mkenya, mlinzi wa compound moja kule Al Warqa, na ndiye kapteni wa timu yao. Ndiyo, wana timu, Wabongo na Wakenya kumi na wawili wa hapa Dubai, wanajumlisha pointi zao washindane na timu za Wazungu. Kaja na pad yake ya game kwenye mfuko wa plastiki.

"Ai, shem! Umeua unit?"

"Nimeua. Na wewe kaa mbali na huo waya."

Akamgeukia mume wangu, akamshika bega. "Pole sana, bro. Pole kabisa."

Kutoka ng'ambo ya mbao sauti ya Bi Mwanaisha: "Innalillahi! Nani kafariki?"

Wakuu, kuna mtu hapo alimwambia Nasri pole? Hakuna. Mtoto kakaa kwenye viatu, kashika kandambili ya baba yake, anaitafuna.

Tena kumbe wazo la kufungua ubavu na kuweka feni lilikuwa la huyo huyo Wafula. Alilitoa mwenyewe huku anajipakulia pilau. "Mi nilimwambia tu aweke feni, sikujua ni ya mtoi."

Feni ina samaki wenye macho makubwa, Wafula. Ulidhani ni ya nani?

Nikarudisha kitanda kwenye kona. Walipoondoka, Baba Nasri akaniita kwa upole nione kitu. Akafungua ukurasa wenye orodha ndefu ya majina, akashuka, akashuka, akaonyesha kidole. Jina lake. Lote, mpaka la babu.

Akasema, "Nina umri wa miaka thelathini na moja na ofisini bado wananiita boy. Boy leta karatasi, yalla boy, haraka. Hapa nimewapita watu wa vyuo vikuu, mke wangu. Na wananiandika hivi."

Nilimwonea huruma kweli, siyo utani. Nikalala nikiwa nimemsamehe robo tatu.

Jumamosi nimeamka, yeye kaenda kazini. Kitanda cha Nasri kipo kwenye kona, alhamdulillah. Ila feni imerudi tumboni mwa kompyuta. Na kwenye swichi kabandika karatasi: USIZIME, SAYANSI INAENDELEA.

Ile robo tatu nikaichukua yote.

Jioni nikamwambia hili naenda kulishtaki. Akacheka. Wafula alikuwa kwenye simu, akawekwa spika, naye akacheka. "Utatushtaki wapi, shem? Polisi? Kwa kafeel wake wa viza? Timu iko na procedure. Complaint inaandikwa kwa captain, members wanapiga kura."

Walisema kwa dhihaka. Lakini mimi nina cheti cha kidato cha nne, na barua rasmi ndiyo swali nililokuwa napata alama zote.

Kuna watu wawili tu mume wangu anawaogopa. Mmoja ni Wafula, kwa sababu anaweza kumtoa kwenye orodha. Wa pili ni mama yake, aliyeko Korogwe, ambaye ameambiwa kwamba mwanawe hatumi picha za mjukuu kwa sababu yuko bize na "kozi ya kompyuta". Bibi wa watu anamwombea afaulu mtihani.

Nilichojifunza, wakuu: usigombane na mwanaume kuhusu mashine. Hasikii. Gombana naye pale anapojiona ana cheo, hapo masikio yanafunguka. Wake wenye waume wa namna hii jitokezeni tupeane mbinu. Wanaume nanyi jiteteeni, ila asiyelijua joto la Agosti la huku asinifundishe adabu.

Malalamiko nimeyawasilisha leo asubuhi. Hayajapunguzwa neno:

Mama Nasri,
Chumba Na. 4,
Satwa, Dubai.

Kwa Kapteni wa Timu,
Al Warqa, Dubai.

YAH: KUMLALAMIKIA MEMBA WENU ALIYEMNYANG'ANYA MTOTO FENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mke halali wa memba wenu. Tarehe ya Ijumaa iliyopita memba huyo alimhamisha mtoto wa miezi minane kutoka kwenye AC na kumweka kwenye viatu, kisha akachukua feni yake akaipa kompyuta. Siku iliyofuata alirudia kosa la feni akiwa na akili timamu.

Ninaomba yafuatayo. Feni irudishwe leo, ikiwa imefutwa vumbi. Kompyuta izimwe kuanzia sasa mpaka joto litakapokwisha. Ikifika Desemba iwashwe hata usiku na mchana kwa hesabu za wanasayansi, maana nami nitakuwa naota moto.

Siombi memba afutwe. Jina lake libaki kwenye orodha, lote, mpaka la babu. Analistahili. Ila pointi zake za miezi hii ya joto ziandikwe kwa jina la Nasri, kwa kuwa ndiye aliyetoka jasho.

Kapteni naye anakumbushwa kuwa ushauri wa feni ulitoka kinywani mwake, pilau ikiwa humo humo. Nikikosa jibu kufikia Ijumaa, pilau imesitishwa kwa timu nzima.

Wako katika ujenzi wa familia,
Mama Nasri.

Nakala:
Bi Mwanaisha, chumba cha pili (ameshasikia).
Mama mzazi wa mlalamikiwa, Korogwe, kwa njia ya posta, pamoja na picha mbili za mjukuu na taarifa kwamba hakuna kozi.