Kelele ya Wimbo wa Tisa

Shule niliacha mwaka wa pili wa segonderi, lakini kwa kuzala niko na diplome tatu. Ya mwisho ilikuwa kilo ine, na kichwa kama ndoo. Donc ile wakati muimbaji moja wa Goma alivuka mupaka kuja kurekodi album yake hapa Nengo, album nzima juu ya mimba, wimbo moja kwa kila mwezi, akatafuta sauti ya mama mu korali yetu, wenzangu walinisukuma mbele: "Chukua huyu mama, iko na uzoefu."

Nilifurahi sana, siwezi kuficha. Miaka kumi niko naimba mu korali, mustari wa nyuma, karibu na mulango, pale hata Mungu anasikiaka nusu. Nikasema sasa sauti yangu itatokea ku redio, mama yangu kule Nyakiriba aisikie akiwa mu shamba ya viazi, pale nachukuaka mufuko wangu kila Jumapili.

Siku ya wimbo wa tisa wakanifungia mu kachumba ka kurekodi, kaske ku masikio, nikajiona kama pilote. Muimbaji akasimama ngambo ya kioo, pamoja na mutu wa mashine ya kurekodi. Musichana mwembamba, hajazala hata paka.

"Mama, hapa mutoto anatoka. Piga kelele."

"Kelele gani?"

"Ya kuzala!"

Bon. Nikafunga macho, nikakumbuka ile kilo ine. Mwili yangu ikafanya yenye inajua: mukono ikakamata kitenge, kitenge ikaingia mu meno, nikatulia tuli.

"Mama, mbona hatukusikii?"

"Si niko nazala!"

Sababu huku kwetu mwanamuke anazalaka kimya. Mara zote tatu mama yangu alikaa pembeni, ananifinya mukono: "Ihangane, vumilia. Ukilia, watakusema ku robine, kule tunachotaka maji, mpaka mutoto aote meno." Jirani yetu moja alilia. Mutoto wake leo iko na ndevu, lakini yeye bado wanamuitaka Ambulansi.

Tukarudilia. Ya pili ikatoka kikohozi. Ya tatu ikatoka kama mbuzi inaomba ruhusa. Ya ine nikasema "pole" mu mikro, sijui nilikuwa naomba nani musamaha.

Muimbaji akaingia kunifundisha. "Hapana, mama. Uchungu haiko vile. Mi nimeangalia video mingi. Inaanza chini, inapanda polepole. Pumua kama unazimisha mushumaa."

"Mushumaa ya nini? Mi nilizala kukiwa umeme."

Yule mutu wa mashine akacheka. Muimbaji hakucheka. Akaangalia saa, akasema, "Wacha tu, mama. Nitatafuta musichana mwingine. We utapiga makofi kule nyuma."

Kule nyuma! Yebabawe. Sijui ile kitu ilikuwa imelala wapi mu tumbo yangu.

"Weee! We mutoto, unanifundisha mi kuzalaaaa?"

Ilitoka ndefu, ikapanda, ikavunjika katikati, ikapanda tena. Watoto wote watatu walikuwa mule ndani, na miaka kumi ya mulango wa kanisa. Mutu wa mashine akatupa kaske yake. Muimbaji alikaa chini juu ya waya. Kisha akasema pole pole, "Ni hii. Usiguse kitu, ni hii."

Wakakata maneno, wakabakiza kelele.

Siku redio ilianza kuipiga, mama akanipigia simu.

"Nimesikia ile wimbo ya mimba. Ule mwanamuke analia vile, mama yake iko wapi?"

Miaka kumi nangojea anisikie. Ningeweza kunyamaza, kitenge ilikuwa hapa karibu.

"Mama yake ni wewe," nikasema.

Ku simu nikasikia kuku zake.

"Ulikuwa unalilia mutoto gani?"

"Wote."

"Ule wa kilo ine, sawa," akasema. "Ule ulikuwa na haki. Lakini usifike huku Jumapili mpaka watu wa robine wasahau."

Na wimbo wanaipiga kila siku, asubuhi na saa ya chakula. Viazi vyangu vinaozea Nyakiriba.