Jinsi Nilivyomfanya Mume Wangu Mlevi

Muuguzi wa zahanati yetu hapa Kintinku alinipima presha, akasema bila kunitazama, "Dada, karafuu haifichi kitu." Nilikuwa nimezitafuna njia nzima, nikijiona mjanja. Nilitaka kumjibu vibaya, maana mdomo ninao, lakini aliniwahi. Akaniambia kuna watu wanakutana Manyoni kila Jumamosi mchana, kwenye darasa la shule ya msingi. Ni watu waliokuwa wakinywa kama mimi, na pale hachekwi mtu. "Mficha uchi hazai," akamalizia, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilikaa na maneno hayo tangu kupalilia hadi kuvuna. Siku niliyoamua kwenda, nilimuaga mume wangu kwamba nafuata ngano ya maandazi ninayouza.

Darasani nilikuta wanaume peke yao, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti wao, mzee mstaafu wa reli, alisimama kunipokea. Nilimwamkia, akaitikia, huku akichungulia mlangoni nyuma yangu.

"Karibu, mama. Mwenzio yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Mumeo. Si yeye ndiye mgonjwa?"

Kwetu mwanamke akitajwa pamoja na pombe, ama ndiye anayeipika, ama ndiye anayepigwa na aliyeinywa. Mzee hakuwa na ubaya. Mwenye ubaya nilikuwa mimi niliyejibu, "Ndiye, mzee. Anaona aibu kuja." Uongo ulitoka laini kabisa, nikakaa kwenye dawati nimestarehe.

Sasa mume wangu ni fundi seremala. Pombe hajui hata ladha yake, na soda haipendi, anasema gesi inamjaza tumbo. Huyo ndiye niliyemvika ulevi wangu. Jumamosi kwa Jumamosi niliwasimulia anavyoamka mikono inatetemeka, anavyojiapiza asubuhi na kusahau kiapo kabla ya mchana. Walinionea huruma. Walinipa mashauri ya kumpelekea, nami niliyafuata kwa siri, kama mtu anayemeza dawa ya jirani. Siku moja moja nilishinda. Nyingi nilishindwa, na hapakuwa na wa kunishika mkono, kwa sababu wote walikuwa wakimshika mtu ambaye hakuanguka.

Njia ya mwongo ni fupi. Wana desturi yao wale: mgonjwa asipofika, anafuatwa. Alasiri moja niko uani nachambua mboga, nikamwona mzee wa reli anaingia na mwenzake, aliyekuwa utingo wa malori. Mume wangu akatoka kwenye karakana kuwapokea, macho mekundu kwa vumbi la mbao. Wageni wakatazamana. Nikajua nimekwisha.

Waliketi. Nilisimama mlangoni na birika la chai.

"Mwanangu," mzee alianza, "hatukuja kukusema. Sisi wote tumetoka huko huko. Mkeo amekuhangaikia sana. Kila Jumamosi yuko pale kwa ajili ya pombe yako."

"Pombe yangu," mume wangu akarudia.

Akanigeukia. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha akawageukia wageni.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Naiweka kwenye chupa ya chai, ile ya bluu. Naificha bandani, nyuma ya gunia la pumba za kuku. Naanza kabla watoto hawajaamka. Halafu natafuna karafuu."

Yule utingo akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hakukosea hata kitu kimoja. Miaka yote ile nikinyata kwenye banda la kuku, alikuwa akijua, na hakuwahi kunitolea neno.

"Na unataka kuacha?" mzee akamuuliza.

"Nataka sana," mume wangu akasema. "Naogopa tu kwamba nikisema, nitaachwa." Akainua macho, akanitazama pale mlangoni. "Sitaachwa, mzee. Lakini ndivyo ninavyoogopa."

Niliweka birika chini.

"Chupa ni yangu," nikasema. Hawakunisikia vizuri, ikabidi niseme tena. "Mzee, chupa ni yangu. Mlevi ni mimi. Huyu hanywi hata soda."

Mzee akamtazama mume wangu usoni. "Na macho haya?"

"Vumbi la mninga," mume wangu akajibu, na yule utingo akashindwa kujizuia, akacheka, tukacheka wote, mimi nikiwa nalia.

Jumamosi iliyofuata nilikaa dawati lile lile, ila safari hii waliniuliza mimi. Sijamaliza, nimewahi kuanguka tena, nikarudi. Siku hizi wapo wanawake wengine, na hakuna anayeulizwa mumewe yuko wapi.

Lakini kijiji kina masikio. Habari ya wale wageni ilienea, na ikaenea kama ilivyoingia: kwamba fundi alifuatwa na watu wa pombe kutoka Manyoni. Mpaka leo watu humsimamisha gulioni, nikiwa ubavuni pake nimebeba kikapu, wakamshika mkono.

"Fundi, tumesikia. Hongera kwa kuacha."

Hajawahi kumsahihisha hata mmoja. Huwatazama kwa macho yake mekundu, akawaambia, "Asanteni. Tunajitahidi."